Kwa nini mtutu wenye mifuo ulisubiri miaka 350

Ndugu msomaji,

Umeniuliza hivi: bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu ilijulikana Ulaya tangu karibu mwaka 1500, na kila aliyeishika alijua kwamba inalenga vizuri kuliko ile yenye mtutu laini. Mbona majeshi yaliendelea na mtutu laini hadi katikati ya karne ya 19? Majenerali walikuwa wajinga? Ukaongeza na la pili: kama ningetakiwa kutaja uvumbuzi mmoja tu uliobadili vita kuliko wote, ningetaja upi?

La kwanza nalijibu kwa neno moja: hapana. Wajinga hawakosekani katika jeshi lolote, lakini katika hili majenerali walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sawa. La pili nitalifikia mwishoni, na huenda jibu lake lisikupendeze, kwa sababu si bunduki wala bomu.

Tuanze na mtutu. Mifuo ni mistari iliyochimbwa ndani yake ikizunguka kama nyuzi za skrubu. Risasi ikipita humo hulazimika kuzunguka, na kitu kinachozunguka hewani hakiyumbi ovyo. Lakini ili mifuo iishike risasi, lazima risasi ibane. Sasa kumbuka kwamba zama zile bunduki ilikuwa gobori: unamimina baruti mdomoni, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Katika mtutu laini risasi ni ndogo kidogo kuliko tundu, kwa hiyo inateremka bila taabu. Katika mtutu wenye mifuo ilibidi ifungwe kitambaa chenye mafuta, igongwe kwa nyundo ya mti ndipo ianze kuingia, kisha isukumwe kwa nguvu hadi chini. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kufyatua gobori laini mara 3 kwa dakika. Mwenye mifuo akifyatua mara 1 katika muda huo, alikuwa amejitahidi. Na baruti nyeusi huacha masizi mazito, hivyo baada ya milio kadhaa mifuo huanza kuziba na kila risasi inayofuata inakuwa ngumu kuliko iliyotangulia.

Jiweke basi mahali pa kamanda wa mwaka 1750. Adui amejipanga safu safu, hatua 100 mbele yako. Baada ya milio miwili ya kwanza moshi umetanda, huoni kitu. Bunduki inayolenga vizuri itakusaidia nini ikiwa cha kulengwa hakionekani? Unachotaka ni risasi nyingi, upesi, kuelekea upande ule. Mtutu laini ulitoa hicho hicho, tena kwa bei nafuu, na askari akamudu kuutumia baada ya wiki chache za mazoezi.

Wala hawakuupuuza mtutu wenye mifuo kabisa. Wawindaji wa Kijerumani waliingizwa jeshini na bunduki zao, na Waingereza mwaka 1800 waliunda kikosi maalumu kilichobeba bunduki za Baker zenye mifuo. Hao walipewa kazi iliyowafaa: kutangulia mbele ya safu, kujificha, kudungua maofisa. Walikuwa wachache kwa makusudi.

Kilichofungua mlango ni kipande cha risasi chenye shimo. Mwaka 1849 ofisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, akiendeleza kazi ya wenzake waliomtangulia, alitoa risasi ndefu yenye ncha, na tako lake akalichimba tundu. Risasi hiyo ilikuwa ndogo kuliko mtutu, kwa hiyo iliteremka bila nyundo. Baruti ikilipuka, gesi ilisukuma kuta za lile tako zikatanuka na kuuma mifuo. Minié aliweka kikombe kidogo cha chuma ndani ya tundu ili kusaidia kutanua. Muda si mrefu, katika karakana ya jeshi ya Harpers Ferry, Marekani, James Burton akaonyesha kwamba hata hicho kikombe hakihitajiki. Umbo la risasi lenyewe linatosha.

Basi. Bunduki haikubadilika sana. Risasi ndiyo iliyobadilika. Ghafla ile hesabu ya kamanda ikapinduka, kwa sababu sasa angeweza kupata ulengaji bila kupoteza kasi, na katika miaka michache tu majeshi makubwa yakaacha mtutu laini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, pande zote mbili zilitumia mamia ya maelfu ya bunduki za namna hiyo.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Wanahistoria bado wanabishana bunduki zile zilibadili kiasi gani mapigano ya Marekani, maana mengi yalifanyika kwa umbali ule ule wa zamani. Risasi ya Minié ilikwenda polepole na kupinda sana njiani: ukikosea kukadiria umbali, inapita juu ya kichwa cha adui au inachimba udongo mbele yake. Kukadiria umbali hufundishwa, na askari wengi wa vita vile hawakufundishwa. Kizuizi kimoja kilipoondoka, kingine kikajitokeza nyuma yake.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Tunazoea kusimulia historia ya silaha kama orodha ya wavumbuzi, fulani alivumbua hiki, fulani kile. Mimi naiona kama kamba ndefu: chuma, baruti, risasi, kiwanda, usafiri, mazoezi, mpangilio wa amri. Na kamba hukatikia pabovu. Silaha inaweza kukaa karne tatu ikingoja pale pabovu pasukwe upya.

Baruti yenyewe ni ushahidi. Kitabu cha kijeshi cha Kichina cha mwaka 1044 tayari kina kanuni za kuichanganya, lakini mizinga inayoweza kubomoa kuta ilichukua zaidi ya miaka 300 mingine. Sababu mojawapo ni shura, ile chumvi ya nitrati. Katika baruti nzuri shura ni kama robo tatu, makaa na kiberiti vikigawana robo iliyobaki. Makaa kila mtu anaweza kuchoma, na kiberiti hununuliwa. Shura ilitoka kwenye udongo uliolowa mkojo na samadi kwa miaka mingi. Huko Uingereza na Ufaransa wafalme waliwapa watu vibali vya kuingia katika mazizi na vibanda vya njiwa vya raia na kuchimba udongo wao, penda usipende, na malalamiko juu ya wachimbaji hao yalifika hadi bungeni. Baadaye shura nyingi ilikuja kutoka Bihar, India, na aliyeshika njia ile ya biashara alikuwa na nguvu kuliko aliyeshika mizinga mizuri.

Jambo la pili lilikuwa umbo. Baruti ya mwanzo ilikuwa unga kama wa kusagwa. Ukishindilia sana, moto haupiti. Ukishindilia kidogo, nguvu inavuja. Katika karne ya 15 mafundi wa Ulaya walianza kuilowesha, kuifinyanga na kuikausha, kisha kuivunja iwe punje punje. Nafasi kati ya punje zikaupa moto njia ya kukimbia. Viungo vilikuwa vile vile na vipimo vile vile, lakini mlipuko ukawa mkali zaidi na wa kutegemeka. Sijui sanamu hata moja iliyosimamishwa kwa ajili ya aliyefikiria punje, ingawa nadhani alistahili kuliko wafalme wengi.

Watu hupenda kunitajia mzinga wa Orban, fundi wa Kihungari aliyemfanyia kazi Sultani Mehmed wa Pili katika kuizingira Constantinople mwaka 1453. Ulikuwa mkubwa wa kutisha, ukirusha mawe ya mamia ya kilo, na ng'ombe makumi waliuvuta. Kweli kabisa. Lakini uliweza kufyatuliwa mara chache tu kwa siku, maana kuupoza na kuupakia upya kulichukua saa nyingi, na usiku watu wa mjini wakaziba mabomoko. Mji ulianguka baada ya siku 53, kwa mizinga mingi midogo, kwa askari wengi, na kwa merikebu zilizoburutwa nchi kavu hadi ndani ya bandari. Mzinga ule mkubwa ndio uliobaki katika hadithi.

Mazoezi nayo yana kisa chake. Upinde mrefu wa Waingereza ulikuwa na kasi kuliko bunduki yoyote ya karne ya 16. Manowari Mary Rose iliyozama mwaka 1545 ilipoinuliwa mwaka 1982, pinde zaidi ya 100 zilipatikana zikiwa nzima, na nyingine zilihitaji nguvu ambayo watu wachache wa leo wanayo. Mpigaji alianza utotoni. Mifupa yake ilikomaa kwa umbo la kazi hiyo. Mpiga bunduki ulimpata kwa msimu mmoja. Akifa mpiga upinde, umepoteza miaka 15 ya malezi. Kwa hesabu hiyo, silaha duni iliishinda silaha bora, na hakuna aliyekosea.

Bunduki ilipokwisha kuwa ya watu wengi, likaja tatizo la kuwapanga. Mwaka 1594 William Louis wa Nassau alimwandikia barua binamu yake Maurice, kamanda wa jeshi la Uholanzi, akimchorea namna safu ya kwanza inavyofyatua, inarudi nyuma kupakia, ya pili inachukua nafasi, mfululizo bila kukatika. Alilipata wazo kwa kusoma mazoezi ya majeshi ya Kirumi. Karatasi ile haina chuma wala baruti ndani yake, nami naihesabu miongoni mwa silaha kubwa za karne yake. Singe ya kuvikwa kwenye mdomo wa mtutu bila kuuziba, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 17, ikamalizia kazi: mbeba mkuki hakuhitajika tena kumlinda mbeba bunduki.

Kuhusu viwanda nitasema jambo moja tu, kwa sababu kuna uongo unaorudiwa mno. Husemwa kwamba Mmarekani Eli Whitney alianzisha bunduki zenye vipuri vinavyobadilishana. Mfaransa Honoré Blanc alifanya hivyo kabla yake, na Thomas Jefferson alimtembelea mwaka 1785 akajiunganishia mwenyewe kufuli za bunduki, yaani mitambo ya kufyatulia, kwa vipande alivyookota bila kuchagua. Whitney aliahidi serikali ya Marekani mwaka 1798 bunduki 10,000 katika miaka 2; alimaliza mwaka 1809. Kazi ya kweli ilifanywa polepole na mafundi wa karakana za serikali za Springfield na Harpers Ferry, kwa mashine na vipimo vya chuma, na katika miaka ya 1850 Waingereza wakaja kununua mashine zile kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Kabla ya hapo kila bunduki ilikuwa ya pekee yake: ikivunjika kipande, fundi anafua kingine kwa kukadiria.

Sasa twende kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, maana unakataa kila jibu jepesi. Prussia, dola la Kijerumani, ilikuwa na bunduki ya Dreyse, inayopakiwa kwa nyuma, tangu mwaka 1841. Mwaka 1866 pale Königgrätz iliwasambaratisha Waustria, ambao ilibidi wasimame ili kushindilia magobori yao huku Mprussia akipakia amelala. Kila mtu akasema bunduki ndiyo iliyoshinda. Wafaransa wakasikia, wakatengeneza Chassepot, iliyofika mbali karibu mara mbili ya Dreyse. Wakaongeza mitrailleuse, silaha ya mitutu 25 iliyomwaga risasi kwa mkupuo. Mwaka 1870 wakaingia vitani dhidi ya Wajerumani wakiwa na bunduki bora, na wakashindwa vibaya.

Kwa nini? Wakati huu kamba ilikatika pengine. Wajerumani walikuwa na mizinga ya chuma cha pua ya kampuni ya Krupp inayopakiwa kwa nyuma, walikuwa na reli zilizopangwa kwa ratiba, na walikuwa na ofisi ya mipango iliyojua kuzitumia. Na ile mitrailleuse? Ilifichwa kwa siri kubwa kiasi kwamba walipoipeleka vitani ni wachache waliokuwa wamefunzwa kuitumia. Waliipanga mbali nyuma kama mzinga, mahali ambapo Krupp iliifikia nayo haikuifikia Krupp. Pale Gravelotte, ilipotumiwa kwa karibu, iliua sana. Siri ilimficha adui kitu, lakini ilimficha mwenye nayo pia.

Bombomu ya Hiram Maxim ya mwaka 1884 ilikwenda mbali zaidi: nguvu ya kurudi nyuma ya risasi moja ilipakia risasi iliyofuata, hadi 600 kwa dakika. Huko Omdurman, Sudan, mwaka 1898, jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener liliua wafuasi wapatao 10,000 wa Mahdi nalo likapoteza waliokufa wasiofika 50. Hapa ndipo ninapokuruhusu kutumia neno lako, ujinga, au tuseme kiburi. Maofisa wengi wa Ulaya waliyaona hayo wakaamini ni mambo ya vita vya makoloni, hayatawahusu wao kwa wao. Mwaka 1914 yaliwahusu. Hata hivyo si bombomu iliyoua wengi zaidi katika vita ile, ni mizinga. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897, ulikuwa na kifaa cha mafuta na hewa kilichomeza mshindo, hivyo gari lake halikuruka nyuma na haukuhitaji kulengwa upya kila mlio. Makombora 15 kwa dakika. Silaha yenye njaa kama hiyo hula kuliko viwanda vinavyoweza kupika, na kufikia mwaka 1915 Uingereza ilikuwa na kashfa ya upungufu wa makombora iliyosaidia kuangusha serikali na kuzaa wizara mpya ya kutengeneza zana.

Kifaru kilipoanza, tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers, Ufaransa, vilipangwa 49 na vilivyofika kwenye mstari wa kuanzia ni 32. Vingine viliharibika au kukwama kabla ya kumwona adui. Miaka 24 baadaye Ufaransa ilikuwa na vifaru vyenye ngozi nene kuliko vya Ujerumani, na bado ikashindwa katika wiki 6. Katika vifaru vingi vya Kifaransa kamanda alikaa peke yake juu: aangalie, apakie, alenge, afyatue, atoe amri, na mara nyingi bila redio. Katika vifaru vikubwa vya Wajerumani watu 3 waligawana kazi ile ile, na redio ilikuwamo. Ukiuliza silaha gani ilishinda mwaka 1940, mimi nitasema kiti cha tatu na redio. Wajerumani wenyewe walilisahau somo hilo baadaye, wakajenga Tiger, takriban 1,350 tu, mashine ya kuogopwa iliyoharibika mara kwa mara, huku Wasovieti wakimwaga T-34 zaidi ya 50,000.

Usidhani haya ni ya kale. M16 ya jeshi la Marekani ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa bunduki nzuri kwenye majaribio. Kisha aina ya baruti ikabadilishwa, chemba yake haikupakwa kromi, na askari wakaambiwa haihitaji kusafishwa sana; vifaa vya kusafishia havikutosha. Ikakwama mikononi mwa watu katikati ya mapigano, wengine wakakutwa wamekufa na bunduki zilizofunguliwa. Mwaka 1967 kamati ya bunge la Marekani ikachunguza. Tiba ilikuwa ya kawaida kabisa: kromi, brashi, mafuta, na kijitabu cha katuni kinachofundisha usafi. Bunduki ile ile ikawa ya kutegemewa.

Droni za Ukraine tangu mwaka 2022 nitazipitia haraka, kwa kuwa zinabadilika kabla wino haujakauka. Mota, betri na kamera zake ni za watu wanaocheza na ndege ndogo. Hakuna kilichovumbuliwa upya hapo. Kipya ni kwamba vinapatikana kwa mamilioni na bei yake ni ndogo kuliko ya kombora moja la kuongozwa. Mpinzani akiziba mawimbi ya redio, wenye droni wanafunga uzi mwembamba wa kioo, wa kupitishia amri, unaojifungua nyuma ya droni kwa kilomita kadhaa. Akiziba hapo, watatafuta kwingine.

Sasa deni langu la mwisho. Uvumbuzi mmoja? Ningetaja kutengeneza amonia kwa hewa. Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni kwa joto na mgandamizo mkubwa, na Carl Bosch akaifanya iwe kazi ya kiwanda huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Nia ilikuwa mbolea. Mwaka mmoja baadaye vita ikaanza, manowari za Uingereza zikafunga njia ya nitrati kutoka Chile, ambayo Ujerumani iliitegemea kwa mashamba na kwa vilipuzi. Kwa akiba iliyokuwapo isingefika mbali. Bosch akaahidi kuigeuza amonia kuwa asidi ya nitriki kwa wingi, na mwaka 1915 kiwanda kikaanza kuitoa. Tangu hapo hakuna taifa lenye viwanda ambalo lingeishiwa vilipuzi kwa sababu ya kukosa shura. Wale wachimbaji wa mazizi walikuwa wamepata warithi wanaochimba hewa, na vita ambayo ingekwisha kwa njaa ya baruti ikaendelea hadi 1918.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1921, wafanyakazi wa Oppau walikuwa wakilegeza rundo la tani 4,500 lililoganda ghalani, kwa baruti ndogo ndogo, kama walivyokwisha kufanya mara maelfu. Rundo likalipuka. Watu zaidi ya 500 walikufa. Amani ilikuwa imekaribia miaka 3, na kilichokuwa ghalani ni mbolea.